Tochi Tumboni mwa Ndege

Chura hakuogopa maji. Alichoogopa ni makosa, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kurudi mlangoni mara mbili kuhakikisha amefunga. Jina hilo la Chura alipewa na mjomba wake alipokuwa na miaka saba, siku alipoteleza akatumbukia majini na badala ya kulia akaanza kuchapa miguu. Likamganda. Sasa ni binti wa miaka ishirini na sita, ana cheti cha uzamiaji, na hata mama aliyemzaa ameshasahau kumwita vingine. Mjomba naye alikuwa na lake. Wenzake kazini walimwita Nanga, kwa sababu akishuka ameshuka. Mpaka kazi iishe ndipo umwone.

Jumamosi ile mchana sebule ya mama iligeuka ghala. Nguo mbili za mpira zilining'inia mlangoni, mapezi ya kuvaa miguuni yalilala juu ya meza ya chakula, na mama mwenyewe alipita katikati akiwa ameshika kiuno.

"Hivi vitu vyenu vinanuka matope," alisema. "Kaka yangu alianza hivi hivi, akaharibu viti vya mama. Sasa amekuambukiza na wewe."

"Mama, tunaondoka kesho asubuhi. Vumilia."

"Nimevumilia miaka thelathini, siku moja itanishinda?"

Mjomba alikuwa hajawahi kupanda ndege. Maisha yake yote vifaa vyake vilisafiri kwa lori na yeye alilala juu ya turubai, akivilinda. Safari hii mhandisi wa bwawa la umeme hakuwa na subira. Lango la chini ya maji lilikuwa limekwama, mitambo miwili imezimwa, na aliwatumia tiketi akasema wasipofika Jumapili kabla ya jioni ataita kikosi kingine. Kwa mjomba hiyo ilikuwa kazi ya kwanza baada ya mwaka mzima. Ana miaka sitini na moja, na kila alikobisha hodi walimwambia kwa upole kwamba umri umekwenda. Upole wa namna hiyo unauma kuliko tusi.

Kwa hiyo Chura alifungasha kama mtu anayefanya mtihani. Masharti ya shirika la ndege aliyasoma mara tatu. Mitungi ya hewa waliiacha, wangekuta mingine huko. Mikanda ya risasi, ile ya kumfanya mzamiaji awe mzito azame, nayo waliiacha.

"Na tafadhali, mjomba," alisema, "tukifika uwanjani usilitaje hilo neno risasi. Wakikuuliza, wewe nyamaza."

"Kwani nitasema uongo?"

"Hutasema uongo. Hutasema kitu."

Kisu kiliingia begi kubwa la buluu, lile la kwenda chini kwenye mizigo. Kipumulio, yaani ile mipira na vyuma vya kuvutia hewa, kilikwenda kwenye begi la mkononi, maana kitu kinachokupa pumzi hakikabidhiwi mtu usiyemjua.

Ikabaki tochi. Tochi ya kuzamia si tochi ya kutafutia ufunguo uliodondoka. Ile imetengenezwa ipoozwe na maji. Iwashe mezani, dakika chache tu hutaweza kuishika. Halafu ya kwao ilikuwa na ugonjwa wake: pete ya kuwashia ilikuwa imelegea, ukiigonga inajizungusha. Mwaka uliopita ilijiwasha yenyewe nyuma ya gari, na kabla hawajasikia harufu ilikuwa imetoboa taulo na kula nusu ya godoro la kiti. Tangu hapo Chura aliiheshimu kama unavyomheshimu mbwa aliyekwisha kukuuma. Alitoa betri zote mbili, akaziba ncha zake kwa utepe, akaziweka kwenye begi lake la mkononi. Tochi tupu akaiviringisha ndani ya nguo za mpira kwenye begi la buluu. Akapumua, akaenda kuoga.

Kesho yake uwanjani, mapema asubuhi, karani wa mizigo aliinua begi la buluu juu ya mizani bila kulitazama.

"Kuna betri humu? Gesi? Kitu chochote cha kuwaka?"

"Hakuna," alisema Chura, na akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa.

Mjomba alisimama pembeni kimya, midomo ameibana, anatii amri ya kutosema risasi. Mpaka wanaingia ndani ya ndege alikuwa hajatamka neno, na Chura akaanza kujilaumu kwamba amemtisha mzee bure. Walikaa safu ya kumi na nne, mjomba dirishani. Mlango ulifungwa. Mjomba alishika mikono ya kiti kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Ukiogopa, ongea," Chura alimwambia. "Kuongea kunasaidia."

"Nani anaogopa? Mimi nimekaa saa nzima chini ya meli, gizani, na mguu umenaswa. Niogope kiti?" Akameza mate. "Hivi hiki kidirisha kimekazwa vizuri?"

Chura alicheka. Nje wapakiaji walikuwa wanamalizia mizigo, na aliliona begi lao la buluu likirushwa juu ya mkanda, likaanguka kwa kichwa, likarushwa tena. Wapakiaji hawabembelezi begi la mtu.

"Ila wewe leo sijui nikusifu au nikuseme," mjomba aliendelea, sasa kaona kweli kuongea kunasaidia. "Jana ulipoingia kuoga nililipitia begi. Si unaijua sheria yangu? Mmoja anafunga, mwingine anajaribu. Nikajaribu zipu, nikajaribu mikanda ya mapezi, nikaiwasha tochi. Kimya! Naifungua, tupu! Nikasema huyu mtoto siku hizi akili yake iko wapi? Atashuka mita thelathini na tochi isiyo na betri? Nikamtilia zangu za akiba. Ikawaka, nyumba nzima ikawa nyeupe. Mama yako akapiga kelele."

Alisubiri kushukuriwa.

Chura alimtazama mjomba, yule mzee aliyejinyoosha kwa fahari ya kazi nzuri aliyoifanya.

"Uliizima?" sauti ilimtoka ndogo.

"Niliizima. Mimi ni mtoto?"

"Pete uliifunga kwa utepe?"

"Utepe wa nini? Pete ile haikai, unaijua mwenye..." Mjomba hakumaliza. Macho yake yalikwenda dirishani, kule mkanda wa mizigo ulikokuwa, na mkanda ulikuwa umeshaondolewa.

Ndege ilianza kurudi nyuma taratibu.

Hapo woga ulimwingia Chura mzimamzima. Begi lilikuwa chini ya miguu yao, mahali ambapo hakuna mtu wa kunusa wala wa kufungua. Tochi ilikuwa imeviringishwa na mpira, na mpira ukishika moto hauzimiki kirahisi, na moshi wake ni mweusi, unakaba. Aliweza kuona kabisa pete ile ikijizungusha wakati begi linaanguka kwa kichwa. Labda ilikuwa imeshawaka. Labda dakika hii taa ilikuwa inachoma nguo ya mpira polepole, kama ilivyochoma taulo. Upande wa pili wa njia kulikuwa na mwanamke ananyonyesha. Nyuma yao wanaume wawili walikuwa wanabishana kuhusu bei ya mabati na kucheka.

"Mjomba, inabidi tuseme."

"Nyamaza."

"Mjomba..."

"Nimesema nyamaza!" Alikuwa ananong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa na meno. "Ukisema tunashushwa. Tukishushwa kazi imekwenda. Yule mhandisi hasubiri mtu. Na aliyeweka sahihi kwamba hakuna betri ni wewe, si mimi. Umefikiria watakufanya nini?"

Hilo alikuwa hajalifikiria, na sasa likamwongezea hofu juu ya hofu. Aliona chumba, maaskari, maswali. Aliona mama yake akipigiwa simu.

"Imezimwa," mjomba alisema. "Nakuambia imezimwa."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi niangalie uniambie."

Mjomba hakumwangalia.

Chini ya maji watu hawaongei. Wana mikono tu, na kati ya ishara zote wanazofundishwa iko moja isiyo na mjadala: kiganja kimenyooshwa, kinatikiswa huku na huku. Maana yake kuna tatizo. Ukionyeshwa hiyo huulizi lipi, huulizi una uhakika gani. Unamshika mwenzako, mnapanda pamoja, maelezo baadaye. Mjomba ndiye aliyemfundisha. Alilirudia somo hilo mara mia, mpaka mkono wa Chura ukawa unafanya wenyewe. Na sasa ulifanya wenyewe. Aliunyoosha pale juu ya mapaja, kati yao wawili, akautikisa.

Mjomba aliutazama mkono ule. Aliutazama vizuri. Kisha akageukia dirisha.

Chura akabonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

Mhudumu alikuja akiwa ameudhika, maana ndege ilikuwa imeshaingia njia ya kwenda kurukia. "Dada, naomba ukae. Tunakaribia kuruka."

"Nimekaa. Dada, kwenye begi langu huko chini kuna tochi ya kuzamia. Ina betri. Nilidhani haina, nikaweka sahihi kwamba haina, lakini inayo. Inaweza kujiwasha, na ikijiwasha inaunguza."

Uso wa mhudumu ulibadilika. Ila kabla hajafungua mdomo, mjomba alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha mzee mwenye mvi, cha kumtuliza mgeni.

"Msamehe mwanangu, dada. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tangu asubuhi anaona moto kila mahali. Betri tulizitoa jana, mimi mwenyewe nilikuwepo. Mpe maji tu, atatulia."

Chura alimgeukia. Alikuwa ameshapanda ndege mara mbili kabla ya siku hiyo. Mgeni wa ndege alikuwa mjomba. Kwa miaka kumi na miwili wameshuka pamoja mahali ambapo uongo mdogo unaua, na hakuwahi kumsikia akidanganya hata kuhusu njaa. Sasa alidanganya kwa ulaini, bila kukwama, na hilo likamtia Chura baridi mwilini kuliko tochi yenyewe.

Mhudumu aliwatazama kwa zamu. Huku mzee ametulia anatabasamu. Huku binti anatokwa jasho, midomo inamtetemeka. Tuseme kweli, wangapi kati yetu tungemwamini binti? Nje injini zilipandisha sauti.

"Dada, vuta pumzi," mhudumu alisema kwa huruma. "Nitakuletea maji tukisharuka."

Akageuka aondoke. Chura alijua akimwacha afike kiti chake, basi. Alifungua mkanda akasimama, akashika kiti cha mbele ili asianguke.

"Namba ya begi ni hii hapa!" Alikuwa ameinua juu kile kikaratasi alichopewa na karani, na sauti yake ilipasuka. "Begi la buluu. Si mwoga wa ndege mimi. Nishusheni, nifungeni, fanyeni mnalotaka, lakini msiruke na begi lile!"

Wale wa mabati wakaacha mabati.

"Amesema nini huyo? Moto?"

"Wapi? Chini?"

Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Mshusheni!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mnangoja nini? Geuzeni ndege!"

Mhudumu alikuwa ameshafika kwenye simu ya ukutani. Aliongea kwa kifupi, amewapa abiria mgongo. Ndege ilisimama. Zile dakika zilizofuata Chura alizihesabu kwa kunusa: alivuta hewa, akatafuta moshi, akavuta tena, na mara mbili aliapa kwamba ameusikia. Mjomba alikuwa amefumba macho. Halafu polepole sana, ndege ikageuka kurudi ilikotoka.

Waliteremshwa wao wawili tu, katikati ya macho ya watu wote. Wengine waliwalaani. Yule mama mwenye mtoto alimgusa Chura mkono alipokuwa akipita.

Begi lilifunguliwa nje, kwenye sakafu ya saruji, mbali na ndege. Aliyelifungua alikuwa mkaguzi wa kike, mtu mzima, amevaa glavu nene, na gari la zimamoto lilisimama nyuma yake. Alitoa kisu, akatoa mapezi, akafunua nguo ya kwanza ya mpira, kisha ya pili. Chura alikuwa anaomba kimoyomoyo na hakujua anaomba nini. Akiikuta inawaka ni balaa, na akiikuta imezimwa ni fedheha.

Mkaguzi alivua glavu moja akaigusa tochi. "Ya baridi," alisema.

Ilikuwa imezimwa.

"Si nilisema?" Mjomba alipiga hatua mbele. "Si nilisema mimi?"

Mkaguzi aliigusa pete kwa kidole kimoja tu, kama unavyomgusa mtoto aliyelala. Mwanga mkali ukapiga gurudumu la gari la zimamoto. Akaizima, akatoa betri moja baada ya nyingine, akazifungia kwenye mfuko wa nailoni.

"Ilikuwa imezimwa hapa chini, mzee," alisema. "Ya huko juu siyajui, na wewe huyajui."

Waliingizwa chumba chenye meza, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita. Kupitia dirishani walisikia ndege ikiondoka bila wao. Simu ya mhandisi ilikuja muda huohuo. Chura alieleza, mhandisi akasikiliza, akasema pole, akasema ameshaita wengine. Mkaguzi akaleta karatasi mbili za maelezo na kalamu mbili.

Chura aliandika haraka. Alimaliza ukurasa mzima. Mjomba, ambaye kuandika hakukuwa kazi yake, aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu na kutoa mistari mitatu. Mkaguzi aliisoma, akaisoma tena, akamrudishia.

"Mzee, umeelewa ulichoandika? Ukiweka sahihi hapa, hili ni kosa. Unaweza kufungiwa kusafiri. Unaweza kupelekwa mahakamani."

"Nimeelewa."

Chura alichungulia. *Betri niliweka mimi. Binti alisema kweli. Mimi nilimwambia mhudumu uongo nikijua ni uongo, kwa ajili ya kazi.* Mjomba akaweka sahihi, akafunika kalamu kwa kifuniko chake, akaisogeza katikati ya meza.

Mkaguzi akatoka na karatasi, akawaacha peke yao.

"Mjomba, hukulazimika kuandika hivyo," Chura alisema. Woga wake ulikuwa haujapata taarifa kwamba mambo yamekwisha. "Ilikuwa imezimwa. Yameisha."

"Ulinipa ishara."

"Nilikuwa na hofu, mkono tu..."

"Niliiona, Chura." Alikuwa anaitazama meza. "Nataka ujue niliiona. Sikupitiwa. Niliiona, nikajua maana yake, nikageuka."

"Hatukuwa majini."

"Ndiyo inayonitisha hiyo. Majini mtu ana baridi, ana giza, akili inamruka, utamsamehe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nilikuwa na hewa ya kutosha. Nikapima kazi, nikakupima wewe na wale watu wote, nikachagua kazi." "Siku nyingine tutakuwa mita thelathini, utanipa ishara ile, na kutakuwa na kitu ninachokitaka huko chini."

"Usiseme hivyo, mjomba. Naogopa ukisema hivyo."

"Na mimi naogopa. Nimeogopa leo kuliko siku yoyote, wala si ndege." Aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kweli, usinionee huruma kwa sababu mimi ni mzee na ni ndugu ya mama yako. Utashuka na mimi tena?"

Chura alikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi, la neno moja, ndiyo, na alilitaka litoke kwa moyo wake wote. Alifungua mdomo. Mjomba alikuwa anamtazama, analingoja, na neno halikuja.